Chupa ya Madeko

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa chumba baridi Ijumaa asubuhi, kwa plasta ya vidonda iliyochukuliwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, maana taasisi ile ilikuwa na maprofesa tisa na haikuwa na gundi. Mama Ukungu aliisoma mkoba ungali begani. Aya ya kwanza ilisema chumba kinatakiwa kwa mradi wa mbegu. Aya ya pili ilisema kamati ya watu watatu itakuja Jumatatu na kurudi Alhamisi, kupima kama mkusanyo wa ukungu uliomo humo una faida yoyote. Wataotesha aina moja, ile kongwe kuliko zote. Ikionekana iko vilevile kama lebo yake inavyosema, mkusanyo utabaki. Ikionekana vingine, chupa zote zitaingia jiko la mvuke, lile pipa la chuma linalochemsha kila kitu ambacho maabara haitaki kiendelee kuishi.

Chupa zilikuwa elfu nne mia mbili na kumi na sita. Alizipanda mwenyewe, akazilisha mwenyewe, na kila baada ya miezi mitatu alizihamishia chakula kipya mwenyewe, kwa sindano ya waya aliyoichoma kwenye moto wa spiriti mpaka ikawa nyekundu. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitatu. Zilibaki wiki tatu astaafu, na aliyetia saini chini ya barua ile alilijua hilo fika.

Aliyetia saini ni Mkuu wa Idara. Na hapa lazima mambo ya watu hawa wawili yaelezwe, la sivyo mtadhani waligombea chumba. Chumba kilikuwa kisingizio tu.

Mama Ukungu aliingia taasisini akiwa na miaka ishirini na mbili, akaajiriwa kupika. Hakuwa anawapikia watu. Alipika chakula cha ukungu: maji, sukari, chumvi za aina tatu na unga wa mwani unaogandisha mchanganyiko wote ukawa rojo. Mkuu wakati ule alikuwa kijana aliyetoka masomoni juzi, shahada bado inanukia wino, na alimwita "mpishi" mbele ya wageni. Siku ya kwanza alimsikia akisema juu ya ukungu mmoja kwamba amelala, haoti. Akamkosoa palepale, kwamba ukungu si mtu, aseme umelala, hauoti. Binti akamjibu kwamba anakula, anazaa, na ana kisirani, sasa hao watu wana nini cha zaidi. Watu wa maabara walicheka, na kijana yule alikuwa wa kundi la wale ambao ukiwacheka mara moja wanakuwekea maisha.

Ukungu wenyewe ulitoka kwa mumewe, na huo ulikuwa ugomvi mwingine. Mume alikuwa mwoka mikate, mwenye tanuri nyuma ya nyumba, na mwaka wa pili wa ndoa yao ukungu wa rangi ya machungwa ulilipuka kwenye kuta za chumba cha tanuri. Ukungu huo ni wa ajabu: joto linaloua wenzake, ndilo linaloamsha mbegu zake. Bwana afya alifunga duka wiki mbili. Mume akasema mkewe ndiye aliyeuleta kutoka kazini, umemgandia kwenye nguo. Mke akasema thubutu, yeye ndiye aliyeutoa nyumbani kuupeleka kazini, na tarehe zimo kwenye daftari. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Mume aliweka ndoo na sabuni nje ya mlango wa uani, na tangu hapo mkewe hakuruhusiwa kukanyaga chumba cha tanuri kabla hajaoga.

Ukungu huo Mama Ukungu aliupeleka hospitalini, kwenye mashine ya eksirei, Jumapili mchana wagonjwa wakiwa wachache. Alizipiga mbegu zake miale, akazitenga moja moja chini ya hadubini, akaotesha kila moja kwenye chupa yake. Nyingi zilikufa. Nyingine ziliota kama kawaida. Ya mia mbili na kumi na tisa ikagoma. Aliiongezea sukari, ikagoma. Akaibadilishia chumvi, ikagoma. Akaidondoshea vitamini fulani, tone moja tu, na kesho yake asubuhi akaikuta imejaa chupa nzima. Sehemu moja ya vinasaba vyake, ile inayotengeneza vitamini hiyo, ilikuwa imevunjika, basi ikawa haili mpaka ibembelezwe. Akaiita Madeko. Baadaye alimpata Kipara, asiyetoa mbegu hata moja, na Kobe, aliyetambaa kidole kimoja wakati wenzake wamemaliza chupa. Wote hao kwake walikuwa "yeye", na atakayekereka akereke.

Jambo kubwa lilitokea mwaka wa sita. Madeko mmoja, bila kuambiwa na mtu, aliota kwenye chakula kisicho na vitamini. Mwingine angesema uchafu umeingia, angemwaga, angeosha chupa. Mama Ukungu alimwozesha huyo Madeko kwa ukungu mzima, akahesabu watoto elfu moja mia tatu na nane, na wote wakawa wazima. Maana yake kile kilichovunjika kilikuwa kimejiunga upya palepale kilipovunjika. Kwenye lebo akaandika: Madeko, amerudi. Kisha akapata wa pili aliyeota vilevile, akamwozesha, na safari hii baadhi ya watoto wakatoka wagonjwa. Huyo hakuwa amerudi. Alikuwa na hitilafu yake ileile, ila hitilafu ya pili mahali pengine imeifunika, kama kufuli lililopinda linalofunguliwa na ufunguo uliopinda. Ukivitenganisha, hakuna kinachofunguka. Huyo alimwandika: anajifanya. Katika majarida yote ya maktaba ya taasisi hapakuwa na mtu aliyewatenganisha hao wawili.

Makala ya ugunduzi huo ilitoka mwaka uliofuata ikiwa na jina moja tu, la Mkuu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alishukuriwa "fundi mmoja wa maabara kwa kuandaa vyakula". Mama Ukungu aliisoma amesimama, akairudisha kwenye rafu, akaenda kuosha sufuria. Hakulia. Alisoma jioni, akachukua shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu, akapata udaktari akiwa na miaka arobaini na mitano na miguu imevimba. Makala kumi na nne aliziandika kwa jina lake, na maabara za mbali zilimwandikia kuomba chupa. Lakini ile ya kwanza, ile ya kurudi, ilibaki ya Mkuu, na ndiyo iliyompa uprofesa na kiti cha ngozi kinachozunguka. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, Mama Ukungu alimuuliza mbele ya watu swali moja: watoto walikuwa wangapi? Mkuu alikohoa, akaangalia karatasi, akasema hilo ni suala la kina. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Waliandikiana vikaratasi kupitia kwa katibu muhtasi, bibi wa watu, ambaye hiyo kazi haikuwamo kwenye mkataba wake.

Kikaratasi cha Jumatatu ile kilisema aandae chakula cha aina mbili, kikavu kisicho na vitamini na kamili chenye vitamini, aviache mezani kwenye visahani, na asionekane. Kamati haihitaji usumbufu. Chupa atachukua Mkuu mwenyewe.

Basi alipika, akamimina, akajifungia chumba cha kuoshea vyombo akisugua chupa zilizokwisha kung'aa. Alisikia viatu vya wageni vikipita, sauti ya Mkuu ikichekacheka, mlango wa chumba baridi ukifunguliwa na kufungwa. Walipoondoka alikausha mikono, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya Madeko.

Rafu hiyo ilikuwa na mambo yake. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amekiazima chuo kimoja chupa ya Madeko wa kwanza kabisa, yule wa mia mbili na kumi na tisa. Chupa ikiazimwa, daftari lilisema "imetoka". Ikiletwa, aliiandika "imerudi" kwenye daftari na kwenye lebo, ijulikane imesafiri. Kwa hiyo mbele ya rafu zilikaa chupa mbili bega kwa bega. Moja iliandikwa "Madeko, imerudi", yaani chupa imerudishwa, na ndani yake yumo mgonjwa yuleyule wa asili. Ya pili iliandikwa "Madeko, amerudi", yaani aliyemo ndani amepona. Kati yao palikuwa na tofauti ya herufi moja. Miaka yote hakuona shida, maana aliyezisoma ni yeye peke yake.

Aliikuta "imerudi" imetulia mahali pake. Iliyotoka ni "amerudi". Mkuu alikuwa amebeba chupa ya aliyepona, akawapandia wageni, akawaambia wakija Alhamisi wataona huyu haoti bila vitamini.

Kwanza Mama Ukungu alicheka, mpaka akashika ukingo wa rafu. Mtu huyu amekula uprofesa kwa neno lile, ameishi kwa neno lile, na akilikuta limeandikwa kwenye chupa halijui. Kisha aya ya pili ya barua ikamrudia kichwani na kicheko kikakatika. Ikionekana vingine, chupa zote. Alichukua visahani vilivyobaki, akawasha taa ya spiriti, akapanda Madeko wa kweli kwenye chakula kikavu na kwenye chakula kamili, akavifungia kwenye boksi lake ndani ya kabati la joto. Alifanya hivyo bila kujua ana mpango gani.

Nyumbani alioga uani kama sheria ilivyotaka, akaingia chumba cha tanuri, akamsimulia mumewe, ambaye alikuwa anakanda unga na hakuacha kukanda. Mume alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa ufupi kwamba yeye ukungu haupendi, kila mtu anajua, lakini jambo hili anaona linamnyookea mkewe lenyewe.

"Miaka yote unamngoja huyo mtu aanguke," alisema. "Leo amejikwaa mwenyewe. Unamnyooshea mkono wa nini? Kaa kimya, Mama Nani. Kaa kimya tu."

Mama Ukungu akasema akikaa kimya watamchemshia watoto wake. Mume akaupiga unga juu ya meza, akasema watoto wake ni wale wawili aliomzalia yeye, na hao hawamo kwenye chupa.

Jumanne alijikaza, akapita mbele ya meza ya katibu muhtasi bila kikaratasi, akaingia ofisini kwa Mkuu. Katibu alibaki mdomo wazi. Mkuu alimwangalia kutoka kwenye kiti chake, na usoni ilionekana wazi anadhani mama amekuja kupiga magoti. Mama Ukungu hakukaa. Alimwambia amechukua chupa siyo, akiri mapema, wapande upya, bado siku mbili zipo.

"Nimechukua iliyorudi," Mkuu alisema.

"Umechukua aliyerudi. Iliyorudi iko rafuni."

Mkuu alitabasamu, taratibu, kwa raha zote. Alimuuliza kama baada ya miaka yote hii bado hajafundishika kwamba ukungu si mtu. Akasema anaona mchezo wake: anataka amvuruge, apande tena kwa haraka, aharibu, kamati imcheke. Akasema yeye ndiye aliyeandika juu ya Madeko, dunia nzima inamjua hivyo, na hahitaji mpishi amwelekeze. Mama Ukungu aligeuka akatoka, na nyuma yake akasikia kiti kinazunguka.

Jumatano alifanya kazi yake ya kila siku, akahamisha chupa sabini. Alikuwa ameshakata shauri. Wakifunua na mambo yakaharibika, yeye ataingia na boksi lake, ataeleza tofauti ya maneno mawili mbele ya kamati yote, ataeleza na nani aliyeyaandika mara ya kwanza, na watoto walikuwa wangapi. Angempa vidonge vyake, kimoja kimoja, na maji asingempa. Si jambo la kujivunia, lakini tuseme kweli: alikuwa anaingoja Alhamisi kwa hamu kuliko alivyowahi kungoja harusi yake.

Alhamisi saa nne asubuhi kamati ilikaa kwenye meza ndefu ya maabara. Mwenyekiti alikuwa mama mtaalamu wa mbegu, mwenye miwani minene, asiye na mzaha, aliyekuja na kalamu tatu zinazofanana. Wajumbe wengine wawili walikuwa wanaume waliomwangalia yeye kabla ya kuafiki chochote. Mama Ukungu alisimama karibu na mlango na boksi lake mkononi. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Mkuu alifunua kisahani cha chakula kamili, na ukungu ulikuwa umejaa, wa machungwa, mzuri. Akafunua kile kikavu, huku amekwisha kuanza kusema "kama mnavyoona". Nacho kilikuwa kimejaa vilevile.

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Aliuliza kwa upole kama barua ya Mkuu haikusema kwamba huyu haoti bila vitamini. Mkuu alisema ndiyo, ilisema. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Kisha macho yake yakampata Mama Ukungu pale mlangoni, na mtu yule akaona pa kujiegesha. Akasema tatizo ni lebo. Akaitoa chupa mfukoni mwa koti, akaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Mimi nilichukua chupa iliyorudishwa na chuo, daftari lipo," alisema. "Lakini angalieni huyu mama anavyoandika. Amerudi. Mtu hajui hata ngeli, mtategemea nini kwenye mambo mengine?"

Mjumbe mmoja alicheka, akaacha alipoona mwenyekiti hacheki. Mwenyekiti aliigeuza chupa mkononi. Akasema yeye hana haja na ngeli. Haja yake ni kwamba chupa elfu nne zinataka umeme, chumba na mtu, na mtu aliyepo anastaafu mwisho wa mwezi.

"Kama lebo zinasomwa na mtu mmoja tu," alisema, "na Mkuu wa Idara mwenyewe hawezi kuzisoma, huo si mkusanyo. Hiyo ni siri ya mtu. Zichemsheni, tuendelee na kazi."

Hapo ndipo maneno yalipomkwama Mama Ukungu. Alikuwa ameyapanga yote, yamefika kooni. Angesema amerudi si imerudi, angeeleza ugunduzi wake, Mkuu angeumbuka mchana kweupe. Na mwenyekiti angesema, sawa, umenithibitishia nilichosema: maana ya lebo hizi unaijua wewe peke yako. Kila neno la kweli ambalo angelitamka lingewasukuma kina Madeko kwenye jiko la mvuke. Alimwangalia Mkuu, akamchukia kwa chuki mpya kabisa, ambayo hakujua kama bado ana nafasi ya kuiweka. Kisha akaenda mezani, akafungua boksi.

"Mkuu hakukosea chupa," alisema. "Chupa ndiyo yenyewe. Niliyekosea ni mimi. Chakula kikavu nilikitia vitamini."

Akaweka visahani vyake viwili. Kile kamili kilikuwa cha machungwa mpaka ukingoni. Kile kikavu kilikuwa safi, rojo tupu, na katikati alama ndogo ya sindano ambapo Madeko alilala bila kuota. Alisema aligundua kosa Jumatatu ileile, akapanda upya kutoka chupa hiyohiyo, akaogopa kusema.

Mwenyekiti aliviinua vyote vinne kwenye mwanga wa dirisha, kimoja kimoja, akavinusa, akaandika. Uso wa Mkuu ulikuwa umeganda, maana yeye alijua ni uongo: chupa hiyo ilikuwa kwake tangu Jumatatu. Mle chumbani walikuwa watu wawili tu waliojua.

"Na hii amerudi?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Ukungu alitazama ile A. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake siku watoto elfu moja mia tatu na nane walipokuwa wazima wote, akaiandika upya kila lebo ilipochakaa.

"Nimekosea kuandika," alisema. "Nilikusudia imerudi."

Mwenyekiti akasema basi rekebisha. Akamsogezea kalamu moja kati ya zile tatu. Mjumbe aliyecheka alitumwa kuangalia kama ipo nyingine, akaja na ile ya rafuni, na mwenyekiti akataka zote mbili ziandikwe upya papo hapo, zifanane, ili mtu yeyote asome. Mama Ukungu alibandua lebo za zamani. Akaandika "Madeko, imerudi". Akaandika tena "Madeko, imerudi". Tangu ajifunze kushika sindano hakuwahi kubandika uongo kwenye chupa, hata siku alipokuwa na homa, hata siku alipofiwa na mama yake akaja kazini hivyohivyo. Aliibandika ya pili kwa kidole gumba, akaibonyeza muda mrefu, na aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Mkusanyo utabaki, chini ya uangalizi wa Mkuu wa Idara, na mlangoni utawekwa kibao chenye jina lake kwa kuwa kazi ya awali ni yake. Mradi wa mbegu utapewa chumba kingine. Kuhusu mfanyakazi aliyeharibu chakula cha jaribio na kulificha kosa siku tatu, kamati imesikitika. Kwa heshima ya umri wake hakutakuwa na adhabu, ila kuanzia leo asiguse chupa yoyote. Mwenyekiti alinyoosha mkono kuomba ufunguo, bila ubaya wowote, na alisema pole. Mama Ukungu alijaribu kuuchomoa kwenye pete ya funguo, kucha zikamkatalia, ikabidi mjumbe amsaidie.

Alichukua mkoba wake akatoka. Alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia viatu nyuma yake, na mlio wa vioo vinavyogongana. Mkuu alikuja mbiombio, koti wazi, ameshika chupa moja kila mkono. Wakati wageni wanaagana mtu alikuwa amezichukua mezani kwa pamoja, na wakiwa wamelishwa vitamini wote wawili, ndani ya chupa Madeko mgonjwa na Madeko aliyepona wana sura moja. Angeweza kuwaotesha upya ajue. Ila angepaswa kumweleza mtu kwa nini anapima kitu ambacho kamati imekwisha kupima, chini ya jina lake.

Alisimama ngazi mbili juu yake. Alianza kusema asante, ikakataa kutoka. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake tangu wakiwa vijana.

"Mama. Yupi ndiye aliyerudi?"

Alisema yupi, hakusema ipi. Mama Ukungu alisikia, na alikuwa anajua jibu. Kizibo cha pamba cha aliyepona alikisokota mwenyewe wiki iliyopita, kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha mwenzake, na kilikuwa mkono wa kushoto wa Mkuu. Neno moja tu lingetosha, na mkusanyo ungekuwa salama, kila chupa na jina lake la kweli. Alitaka kulisema. Aliliweka mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Soma lebo," alisema.

Akashuka ngazi akishikilia ukuta. Alikuwa analia waziwazi, na bawabu alipomuuliza kuna msiba gani alimwambia hakuna, akapita getini.